Rais Aliyepata Wema Kaburini

Sudi, mwosha maiti wa mji wa Anderlecht huko ughaibuni, hakuziamini kabisa sifa za marehemu. Kila imamu akiuliza mbele ya jeneza huyu alikuwa mtu gani, watu huitikia kwa sauti moja: "Mwema!" Hata dhalimu, mwema!

Jioni moja televisheni ikasema wanahistoria sasa wanamsifu rais mmoja wa Marekani, marehemu, ambaye enzi zake alidharauliwa.

"Wema huo kaupatia wapi, kaburini?" Sudi akafoka.

"Yeye hajabadilika," mkewe Rayhana alijibu akimmiminia chai. "Watu wamemwona tu aliyekuja baada yake." Kisha akashusha pumzi. "Hata marehemu Karimu, mume wangu wa kwanza, alikuwa mwema."

Tangu amwoe, Sudi hakuwahi kusikia Karimu akitajwa bila laana. Akaisukuma chai kando.