Siku Tata Alipozima Moto

Nilikubali safari hii kwa sababu mbili, na ya kwanza ilikuwa mbuzi. Kwa Tata Wangari, shangazi yetu anayekaa juu kule Gatanga, karibu kabisa na msitu, mgeni haondoki bila kuchomewa nyama. Sababu ya pili ilikuwa dada yangu Njoki. Alikuwa mwaka wa mwisho chuoni Juja, na alitaka pikapu yangu ya kubebea maziwa. Hasa alitaka betri yake.

Kazi ya Njoki ilikuwa kunasa hewa. Alikuwa na pampu ndogo iliyovuta hewa ya msitu ikapita kwenye karatasi nyeupe ya kuchujia, duara dogo kama kifuniko cha chupa. Karatasi zake karibu zote zilikuwa zimeharibika, nyingine kwa mvua, nyingine kwa moshi wa wachoma makaa. Sasa ilibaki moja. Mwalimu wake alishamwambia: asipoleta karatasi safi kabla ya chuo kufunga, atarudia mwaka mzima. Mwaka huo wa tisini na kitu nyumbani hakuna aliyetaka hata kulitaja neno kurudia.

Asubuhi, Ruiru. Nilimaliza kugawa maziwa, nikaosha pikapu, tukaondoka. Kahawa ilikuwa imechanua pande zote mbili za barabara, nami nilikuwa nikiimba kwa sauti ambayo Njoki aliivumilia. Alipakata mkebe wenye ile karatasi kama mtu aliyebeba mayai.

Thika tulisimama kununua mkate, sukari na majani ya chai, maana kwa Tata huendi mikono mitupu. Moshi wa viwanda ulikuwa umetanda.

"Funga dirisha!" Njoki alipiga kelele.

"Si karatasi iko kwa mkebe?"

"Funga tu, Kariuki."

Nikafunga. Tukapanda kuelekea Gatanga tukitokwa jasho kama mikate ndani ya tanuri.

Njiani nilimwuliza hewa ya msitu ina nini cha maana.

"Unajua ile harufu ya miti jua likiwaka?" akasema. "Hiyo ni pumzi yao. Ikichomwa na jua inageuka vumbi dogo sana, huwezi kuliona. Mvuke wa maji unalishika, ndiyo wingu linaanza."

"Na bila vumbi?"

"Mvuke unakosa mahali pa kushika. Na wingu likiwa jeupe linarudisha jua juu, huku chini kunabaki baridi. Kwa hivyo msitu unajitengenezea mwavuli. Nataka kujua umetoa vumbi kiasi gani."

Nilicheka, lakini nilitazama ukingo wa milima kwa macho mengine.

Karibu saa sita tulifika. Tulimsalimia Tata na mumewe Mzee Kamau haraka haraka, tukapandisha gari hadi uwazi ulio juu ya boma, mlangoni pa msitu. Njoki alifunga bomba kwenye mti mrefu, akaunganisha pampu na betri, akaweka karatasi. Pampu ikaanza kunguruma. Nilikaa chini nikafumba macho, nikiwaza mbavu.

Dalili yake ikanijia mapema mno. Harufu ya moshi! Nilipofumbua macho, moshi mweupe ulikuwa unapanda kutoka jikoni kwa Tata, na upepo ulikuwa unausukuma kwetu. Njoki alizima pampu, akatazama juu.

"Moshi nao ni vumbi," akasema. "Ukiingia, sitajua la msitu ni lipi."

Niliteremka mbio. Mzee Kamau alikuwa amemfunga mbuzi kwenye nguzo ya ua, kisu mkononi, moto umeshika vizuri. Sijawahi kusema maneno machungu kama niliyosema siku ile.

"Mzee, tafadhali, tusichome."

"Umesema nini?" Alinitazama kama nimemtukana. "Mgeni wangu arudi Ruiru na njaa? Watu watasema nini?"

Nilieleza habari ya karatasi, na ya mwaka mzima. Tata alisikiliza, mikono kiunoni.

"Huyu Njoki wetu atarudia darasa kwa sababu ya moshi wangu?"

"Ndiyo, Tata."

"Hata chai?"

"Hata chai."

"Aiya!" Akachukua ndoo ya maji, akaimwaga jikoni pwaa, juu ya mafiga ambayo nadhani hayajawahi kupoa tangu aolewe. Kisha akasimama ukingoni mwa shamba na kuita ng'ambo ya bonde kwa sauti ya kuvunja kuni:

"Mama Wairimu! Zima moto! Mtoto wetu anafanya mtihani wa hewa!"

Mama Wairimu akamwitia jirani yake, naye jirani akamwitia wa kwake. Moshi ukakoma paa moja baada ya jingine, mpaka bonde zima likawa safi. Nikapanda tena mbio kumwambia Njoki awashe pampu.

Mchana tulikula mkate mkavu, ndizi mbivu na uji baridi wa kibuyu. Mbuzi alikula majani akitutazama. Pampu ilinguruma juu, na jua lilipopungua, wingu lilishuka likakaa juu ya miti.

Jioni Njoki alitoa karatasi. Ilikuwa na rangi ya njano hafifu, bila hata tone la weusi. Aliruka juu kama mtoto. Tata alitaka kuiona, akainama karibu nayo bila kuigusa.

"Kwa hivyo hiki ndicho kilichonizimia moto," akasema, akacheka mpaka akashika kiuno. "Haya. Kipeleke kwa mwalimu."

Betri ilikuwa imeisha kabisa. Bonde lote lilitusukuma mteremkoni, watu wasio na chai tumboni, wakishangilia pikapu ilipokohoa na kuwaka.

Tulifika Ruiru giza limeingia. Mama alikuwa mlangoni, akauliza kwanza alichouliza siku zote:

"Walau Tata aliwapikia chai?"

"Hapana, Mama," nikasema. "Alituzimia moto."