Komedi Bila Sauti kwenye Kliniki ya Macho

Jumanne nilikuwa kliniki ya macho hapa Kisumu. Mbele yangu walikaa akina mama wawili, wauza samaki kutoka Asembo Bay. Mmoja alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho na alingoja kufunguliwa bandeji. Jicho la pili halikuona kitu, na kila dakika aliuliza kama jina lake limeitwa.

Televisheni ukutani, bila sauti, ilionyesha ile komedi ya zamani ya Hollywood ya polisi wawili, mmoja mkali, mwingine hafungi mdomo.

"Ni ile sinema ya polisi wawili tuliona ukumbi wa Kaloleni tukiwa wasichana," rafiki yake akamwambia. "Sasa wameingiza gari ndani ya harusi."

"Uongo! Harusi huja mwisho wa sinema."

"Wewe unaona?"

Wakacheka, nasi tukacheka nao. Hakuuliza tena kuhusu jina lake.

Karani akabadilisha chaneli, ikaja taarifa ya habari. Rafiki hakusita. "Mkali ameanguka kwenye matope. Mwenzake anamcheka tu!"

Sote tukacheka kana kwamba sinema bado ipo.

Nesi akamwita mgonjwa ndani. Alipotoka, bandeji haikuwepo. Alipepesa jicho, akamwona rafiki yake, akamkumbatia. Kisha akatazama televisheni, ambako mheshimiwa mmoja alikuwa akihutubia.

"Na polisi wako wapi?"

"Bado wanamtafuta huyo," rafiki akajibu, akimwonyesha mheshimiwa kwa kidole.