Mtaje Kwanza Aliyekupigia Kasia

Nakumbuka siku moja ya soko pale Kyela, mwanangu, nilipokaa mezani na watu wazima nikiwa na ufunguo wa pikapu mfukoni, wote wakinitazama kama dereva wao, na mimi sijui hata breki ni ipi na klachi ni ipi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, mwenye maneno mengi. Ufunguo wenyewe ulikuwa mdogo tu, lakini niliusikia mzito kama tofali. Nani alinipa na kwa nini, ndiyo habari ninayotaka uisikie kabla hujaenda kusimulia safari yako.

Maana nimeziona picha zako. Umezunguka Amerika kwa gari wiki tatu, na Jumamosi wenzako wa kundi la wapenda safari wanakungoja uwape habari. Nimefurahi sana, usidhani mzee ana kijicho. Tembea uone, walisema wa kale, na aliyeona asipowasimulia waliobaki nyumbani amekula peke yake. Ila nimezipitia picha zote, moja moja, na sikumwona aliyeshika usukani. Ndiyo sababu nimekuita.

Mimi nami nilikwenda huko. Usharika wetu ulikuwa na urafiki na kanisa moja la kule, wakaomba kijana wa kwaya akae nao miezi miwili, nikachaguliwa kwa sababu ya kile Kiingereza changu cha ualimu. Nilifikia kwa mjane mmoja aitwaye Mama Doris, umri wa bibi yangu, mwenye mvi fupi na miwani iliyofungwa kamba shingoni. Maisha yake yote alikuwa dereva wa basi la shule. Siku moja aliniuliza kama nimeiona nchi yake. Nikamjibu kwamba nimeuona mtaa wake. Alicheka, akafunga mikate na mayai ya kuchemsha, tukaingia katika gari lake refu la rangi ya udongo, tukaondoka.

Siku kumi na mbili, mwanangu! Barabara imenyooka asubuhi hadi jioni, mahindi kushoto, mahindi kulia, mpaka nikadhani mkulima mmoja ameoa nchi nzima. Kisha milima, huko juu theluji na huku chini sisi tunatokwa jasho. Kisha jangwa jekundu, halafu lile bonde lao kubwa ambalo ukisimama ukingoni mto wa chini unaonekana kama uzi. Mimi niliyekulia chini ya milima ya Livingstone, nikidhani ukubwa nimeshauona, nilisimama pale nikalia machozi. Na muda wote huo Mama Doris yuko kwenye usukani, mkono mmoja unaongoza gari, mwingine unamenya yai. Sijaona dereva kama yule, tangu siku hiyo mpaka leo.

Sasa sikia aibu yangu.

Hapa Kyela, karibu na stendi, palikuwa na mgahawa wa Mama Atupele. Kila siku ya soko, wapenda safari walikutana pale. Hawakuwa matajiri. Alikuwapo Mzee Mwakyoma, dereva wa mabasi aliyestaafu, aliyefika mpaka Zambia. Alikuwapo Bibi Tumpe, mfinyanzi wa ziwani, aliyeleta vyungu kwa mtumbwi hadi Matema na kuvifikisha mjini juu ya lori. Walikuwapo na wengine wawili watatu, wakulima wa mpunga waliopenda kusikiliza. Waliagiza ndizi na mbasa, samaki wa ziwa letu, wakasimuliana walikopita. Niliporudi, walinipa kiti cha mbele.

Nikaanza. Nilisimulia mahindi, nikasimulia theluji, watu wakaacha kula. Ndipo Mzee Mwakyoma akauliza, macho yanamng'aa, "Na gari, mwalimu, uliendesha mwenyewe?"

Ningesema hapana, ingekuwa imekwisha. Lakini moyoni nilimwona Mama Doris na mvi zake, nikaona aibu kwamba mwanamume mzima nimebebwa siku kumi na mbili na bibi kizee. Nikasema, "Sasa angeendesha nani?"

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Tangu siku ile ilinibidi niendeshe gari lile kila wiki. Tulipofika kwenye habari ya mkanda wa feni kukatika katikati ya nyika, nilisema nilivua tai yangu ya kwaya nikaifunga mahali pa mkanda, tukafika mjini salama. Waliipigia tai ile makofi. Mzee Mwakyoma aliomba nije nayo aishike. Nikaja nayo kweli, mwanangu, nikaipaka na grisi kidogo njiani.

Bibi Tumpe peke yake hakupiga makofi. Aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, mbona hujamtaja aliyekupigia kasia?"

Watu walicheka. Nikamwambia, "Bibi, kule hatukwenda kwa mtumbwi."

"Najua ni gari. Kwetu ziwani, mwanamke akirudi toka kuuza vyungu, kabla hajasema ameuza vingapi au amekutana na mawimbi gani, humtaja aliyempigia kasia. Asipomtaja, tunajua habari nyingine zote zina tobo."

"Basi mimi nilijipigia mwenyewe," nikasema.

Aliutazama mkono wangu uliokuwa juu ya meza, mkono wa chaki. "Haya, tata," akasema, akaendelea na chai yake. Aliniita tata, yaani baba, kama wanavyoitwa wanaume wa kwetu kwa heshima, na heshima ile ilinichoma kuliko tusi.

Uongo haukai mahali pamoja, huomba kupelekwa mbele. Macho ya Mzee Mwakyoma yalikuwa yameanza ukungu, hakuweza tena kuendesha mbali. Alikuwa na pikapu yake kuukuu, na ndoto yake ilikuwa kuwapeleka wapenda safari wote Mbeya kwa pamoja, kupanda ile milima ya Tukuyu yenye kona na mvua, Bibi Tumpe akiwa na vyungu vyake. Siku moja akatoa ufunguo mfukoni, akaniwekea kiganjani mbele ya watu. "Jumamosi tunaondoka," akasema. "Mtu aliyevuka Amerika atashindwa na Tukuyu?"

Niliupokea. Wiki ile sikulala vizuri, kila nikifumba macho naiona pikapu inarudi nyuma kwenye mteremko, imejaa wazee wanaoniamini. Nilifikiri kujifanya naumwa. Nilifikiri kukimbilia kwa mjomba kule kijiji cha Talatala nikajifiche hadi mpunga uvunwe. Kusema kweli ndilo jambo ambalo sikulifikiria.

Na hiyo ndiyo siku niliyoanzia habari hii, siku ya soko kabla ya Jumamosi ile. Nimekaa na ufunguo wangu, akaingia mzee wa kanisa na bahasha. "Mwalimu, barua yako kutoka Amerika." Ndani mlikuwa na kaseti na kikaratasi. Mama Doris aliandika kwamba naye ana kundi la wapenda safari, wanakutana kwenye ukumbi wa kanisa lao na kunywa kahawa. Aliwasimulia safari yetu, akairekodi, akaona ni haki yangu kuisikia.

Nilitaka kuitia mfukoni. Mama Atupele alikuwa ameshaleta redio yake ya kaseti. "Tufasirie, mwalimu! Tumsikie na Mwamerika!"

Mkanda ukaanza kuzunguka. Kikohozi, vikombe vikigongana, halafu ile sauti ninayoijua. Neno la kwanza halikuhitaji mkalimani. Alisema, "Ambakisye." Alilivunjavunja kidogo, lakini lilikuwa jina langu, na mgahawa mzima ukapiga kelele za furaha.

Akaendelea. Mwanangu, pale mezani hakuna aliyejua Kiingereza isipokuwa mimi. Mzee Mwakyoma alijua "petroli" na "thenkyu." Ningeweza kufasiri nilivyotaka, na hakuna ambaye angejua. Wakanisubiri, ufunguo unanichoma pajani, na Bibi Tumpe amekaa mbele yangu, mikono magotini, ananitazama bila ukali wowote.

Nikalibonyeza lile dude likasimama. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikasema, "Anasema hivi. Safari hii nilisafiri na Ambakisye. Kuendesha niliendesha mimi. Kuona, aliona yeye."

Mzee Mwakyoma aliweka kikombe chini.

"Niliendesha mimi?" akauliza Mzee Mwakyoma. "Mimi nani?"

"Yeye, mzee. Mama Doris. Siku zote kumi na mbili. Mimi sijui kuendesha, naijua baiskeli tu." Nikatoa ufunguo, nikauweka mezani mbele yake.

Aliuvuta ufunguo upande wake, macho yake ya ukungu yakinitazama. Nilijua pale nimempoteza. Kisha Bibi Tumpe akasema, "Endelea, mwalimu. Sasa ndiyo tunaianza safari."

Nikaendelea, nikifasiri na kulia. Mama Doris aliwaambia wenzake kwamba barabara ile alishaipita mara nyingi bila kusimama, ila kijana wake kutoka Tanzania alikuwa haingii kituo cha mafuta bila kumsalimu kila mtu aliyemo na kumuuliza habari za nyumbani kwake. Kwamba mzee mmoja muuza mafuta, aliyeonekana hajasalimiwa mwaka mzima, aliwafuata hadi garini na mfuko wa matofaa. Kwamba aliponiona nikilia kwenye lile bonde, naye alilitazama kama siku ya kwanza. Halafu akafika kwenye mkanda wa feni.

Nikasimama. "Hapa kuna ile tai," nikasema.

"Sema tu," akasema Mama Atupele, ameshaanza kucheka.

"Hakukuwa na tai. Alivua soksi yake ndefu ya nailoni, akaisokota, akaifunga mahali pa mkanda. Anasema alipotaka kuivua, mimi niligeuka nikatazama shamba la ngano, nikamwimbia wimbo wa kwaya beti zote ili ajue sigeuki, mpaka akaniambia amemaliza. Anasema maisha yake yote hajapewa heshima kama ile."

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Mzee Mwakyoma alijifuta machozi akisema, "Soksi! Na wewe ukatuletea tai ya grisi!" Halafu akatulia, akasema jambo ambalo sijalisahau, "Mwalimu, hii ni tamu kuliko ile. Kwa nini ulituuzia makapi na mchele unao?"

Fadhila ya punda ni mateke, na mimi nilikuwa nimempiga teke mama yule miezi mitatu mfululizo, wakati yeye kwao anaanza na jina langu.

Safari ya Mbeya iliahirishwa. Mzee Mwakyoma alinifundisha mwenyewe, jioni baada ya jioni, kwenye barabara ya Ikolo, akinigonga goti kwa mkongojo kila nilipokosea gia. Mvua zilipokwisha niliwapandisha Tukuyu wote, polepole, na hakikuvunjika chungu hata kimoja. Wiki iliyofuata nilifika ziwani na kumkuta Bibi Tumpe amewaketisha wafinyanzi wenzake, anawasimulia Mbeya. Nilisimama nyuma ya ukuta nikasikiliza. Alianza hivi, "Aliyenipeleka ni Ambakisye." Nilikwenda ufukweni nikakaa peke yangu kidogo.

Basi, mwanangu, nenda Jumamosi ukawasimulie. Wape jangwa na theluji, wape na vichekesho, usiwabanie kitu. Lakini kabla ya yote mtaje aliyekuendesha, na aliyekupa chumba, na aliyekuonyesha njia ulipopotea. Ukisikia haya kusema kwamba ulibebwa, hapo hapo ndipo pa kuanzia, kwa maana hakuna aliyefika mbali ambaye hakubebwa na mtu. Utukufu wa msafiri ni macho yake na shukrani zake, na hivyo viwili hakuna wa kukunyang'anya.

Mungu akupe barabara nyingine nyingi, na kila barabara akupe mtu mwema kwenye usukani. Akurudishe salama kwenye ndizi na mbasa wa kwenu. Na huko ulikopita, watakapokaa kusimulia, waanze na jina lako. Ndaga fijo, asante sana, mwanangu, kwa kunisikiliza. Sasa niambie, aliyeshika usukani wako aliitwa nani?