Neno Dogo Katika Barua ya Kaka Hamisi

Nyinyi wenzangu mliozaliwa Mjerumani angali anatawala, mnakumbuka Kiingereza kilivyoingia Karagwe: ghafla, pamoja na mahema na wapagazi. Baba, muuza nguo na chumvi aliyetoka pwani, alimwomba Mwalimu Yusufu, aliyesomea Uganda, atufundishe uani kwetu. Tulisoma huku tukitafuna senene, wale panzi wa kukaanga. "In" sisi tulisikia "ini", tukacheka mpaka tukapaliwa.

Mwalimu hakucheka. Alitumbukiza jiwe kwenye chungu cha maji. "In." Akalitoa, akaliweka kando ya chungu. "At. Tuseme chungu ni mto: kwa Kiswahili mtasema mtoni kwa yote mawili. Kiingereza hakikubali."

Wakati huo kaka yangu Hamisi alikuwa amechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi la Mwingereza ng'ambo ya mto Kagera. Asubuhi moja barua ya Kiingereza ikaja kutoka jeshini. Mwalimu aliisoma kimya, kisha akamwambia mama, "Hamisi yuko mtoni."

Mama akapiga vigelegele. Mimi nilichungulia karatasi begani kwa mwalimu. Kabla ya neno la mto palikuwa na herufi mbili, i na n. Mwalimu aliniona, akaikunja barua mara nne. Nilikuwa na miaka tisa. Mama akapika matoke, akawaita majirani.

Tangu hapo kila asubuhi alishuka Kagera na kapu la chakula. Siku ya nne nilimfuata. Ukungu ulikuwa mzito, matete yametulia kimya.

"Hamisi!" mama akaita.

Si kutoka ng'ambo, si kwenye matete, bali majini penyewe, sauti ikaitika: "Naam, mama."

Nikamshika nguo. "Mama, barua inasema ndani ya mto. Kaka amezama."

"Najua, mwanangu," alisema bila kugeuka. "Nilijua mwalimu alipoikunja. Lakini si umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Basi niache nimwite."

Aliita hivyo mpaka masika. Kisha siku moja hakuitikiwa. Akarudi nyumbani, tukamsomea Hamisi hitima.

Leo wajukuu zangu wanakimwaga Kiingereza kama maji. Nikiwasahihisha "in" na "at" wananicheka: "Bibi, hivyo ni vijineno tu!" Wanavichanganya, na hakuna anayeshtuka. Nawaonea wivu. Lakini hawakuuona ua wetu siku ile ya barua, umejaa watu na vicheko, mtaa mzima ukiamini kwamba kaka Hamisi anarudi.