Kigoda Bandani kwa Shangazi

Shangazi yangu ni mfugaji wa mbwa, na kama unadhani kazi hiyo ni kuuza tu, kamuulize yule daktari wa meno aliyeondoka mikono mitupu kwa sababu alitaka mbwa anayefanana rangi na gari lake. Kwa Shangazi, kumtoa mtoto wa mbwa ni kama kuozesha binti.

Kila mtoto huvishwa shingoni uzi wa sufu wa rangi yake, na tabia zake huandikwa kwenye daftari: nani anaogopa radi, nani mchokozi, nani analia akiachwa peke yake. Mtu akija, huketishwa kwenye kigoda katikati ya banda, nusu saa nzima. Asiite, asipige mluzi, simu iwe mfukoni. Shangazi hujifanya anasugua sahani za mbwa, kumbe jicho halibanduki. Mwishowe yeye ndiye anayechagua, mgeni hana kauli.

Mwaka jana aliyekaa pale alikuwa baba yangu.

Mama alikuwa amefariki miezi minane kabla. Baba hakulia mbele yetu. Aliacha tu kurudi nyumbani. Ni fundi saa, na duka alilokuwa akilifunga saa kumi jioni akawa analifunga saa mbili usiku, akihangaika na saa ambazo wenyewe walishazisahau. Alikonda hadi mkanda ukaongezwa matundu. Niliogopa nitampoteza na yeye, sifichi. Wazo la mbwa lilikuwa langu. Tena nilimwambia Shangazi, kwa huu mdomo wangu usio na breki, kwamba safari hii mambo ya kigoda ayaweke kando, huyu ni mdogo wake wa tumbo moja.

Shangazi akaenda akaleta kigoda.

Baba akakaa, magoti karibu na kidevu. Watoto sita wakamvamia, yule wa uzi mwekundu akang'ang'ania kamba za kiatu chake, na Baba akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu msiba. Nikajua mambo yameiva. Ndipo Shangazi akaanza maswali yake: anatoka saa ngapi, anarudi saa ngapi, nani anabaki nyumbani. Baba hajui kudanganya. Akasema anatoka saa moja asubuhi, anarudi karibu saa tatu usiku, na hakuna anayebaki.

Shangazi akafunga daftari. "Mdogo wangu, sikupi. Hawa wanataka mtu mchana kutwa. Atanyong'onyea mikononi mwako, halafu utajilaumu."

Baba akasema sawa, dada, akajikung'uta suruali, akaenda kusimama getini. Mimi nilipandwa na hasira. Nilimwambia Shangazi kwamba ana huruma na kila chenye mkia, bahati mbaya ndugu yake hana. Nilisema na mengine ninayoyaonea haya hadi leo. Alisugua sahani iliyokuwa imeshatakata, akaiweka chini, akaingia ndani.

Alitoka na Bimkubwa, mama wa wale watoto. Alikuwa na miaka saba, ule ulikuwa uzao wake wa mwisho, na watoto walishaacha kunyonya. Tangu aletwe pale akiwa mdogo, alikuwa akilala chini ya kitanda cha Shangazi. Mchana husinzia, hasumbui mtu.

Shangazi akampeleka hadi getini. "Huyu anakula saa kumi na moja jioni," akamwambia Baba, "na hagusi chakula mpaka amwone mtu wake. Ukichelewa, analala njaa. Utaweza?"

Baba alimtazama Bimkubwa, akamtazama dada yake. "Nitaweza," akasema.

Sasa duka linafungwa saa kumi, na mkanda umerudi kwenye matundu ya zamani.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa Shangazi kumwomba radhi, maana nilikuwa nimechelewa sana kufanya hivyo. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro. Nilimkuta mlangoni, amekaa kwenye kile kigoda, mikono mapajani. Nilipouliza anamngoja nani, alisema hamngoji mtu, ni mazoea tu. Nikamwomba radhi. Akanipigapiga mkono, akatazama saa yake.

"Hebu mpigie baba yako," akasema. "Muulize kama wamekula."