Karatasi ya Buyenzi kwa Chuo cha Marekani

Binti yangu alipokuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, aliniambia anataka kusoma chuo Marekani. Nilikuwa nimetoka kazini, nimevua viatu, nimekaa jikoni. Ninafanya kazi katika nyumba ya wazee hapa Ixelles, Ubelgiji: nawaogesha, nawavisha, nawalisha wale ambao mikono yao imegoma. Siku ile sikuwa na nguvu za kubishana. Nikamwuliza bei tu.

"Maman, usiangalie bei kwanza. Wanasaidia wazazi wenye hawana. Ni kujaza tu fomu."

"Bei gani?"

"Quatre-vingt mille dollars. Mais bon, hakuna mwenye analipa yote."

Nilidhani hizo dola elfu themanini ni kwa miaka yote minne. Ilikuwa kwa mwaka mmoja.

Kujaza kulianza shule zilipofunguliwa kukaendelea hadi baridi ilipoingia. Kwanza zilitakiwa barua za walimu. Walimu wa hapa si watu wa kusifu. Mtoto akifanya vizuri sana huandikiwa "bien", yaani vizuri, imekwisha. Fomu ilimtaka mwalimu wake wa hesabu aseme kama mtoto huyu ni miongoni mwa wachache walio bora kuliko wote aliowahi kufundisha. Siku ya wazazi akanivuta pembeni akaniuliza kwa Kifaransa, "Madame, hao watu wanatafuta mwanafunzi au mtakatifu?" Lakini aliandika ukurasa mzima, na mpaka leo hatujui alisema nini.

Kisha ikaja fomu ya mapato. Upande wangu ulikuwa rahisi, karatasi za mshahara ninazo. Chini yake kulikuwa na upande wa baba.

Baba yake nami tuliachana Bujumbura, binti akiwa na miaka mitano, kabla sijaja huku. Yeye anauza mabati na misumari huko huko, mtaa wa Buyenzi, na ameoa tena. Ilikuwa miaka tisa hatujasemezana. Chuo kilitaka mapato ya wazazi wote wawili, wawe pamoja wasiwe pamoja. Binti yangu aliwaandikia kuomba aruhusiwe kuruka swali hilo, wakamjibu kwa adabu kwamba kama baba yu hai na anapatikana, lazima.

"Namba yake uko nayo, maman," alisema. "Tantine alikupatia."

Kweli nilikuwa nayo, shangazi yake alinipa. Sikupiga siku ile wala wiki ile. Nilitunga maneno nikiwa kazini, nikimchana bibi mmoja nywele, nikayafuta, nikatunga mengine. Nilijua atadhani naomba pesa. Jumapili moja nilipotoka sokoni Gare du Midi nikaweka mifuko chini karibu na kituo cha basi, nikapiga kabla sijabadili nia.

"Allô?"

"Ni mimi," nikasema. "Mama ya mutoto."

Nilisikia pikipiki zikipita nyuma yake.

"Mutoto amekufa?"

"Hapana! Ni muzima. Anataka kusoma Amerika."

Nilimsikia akishusha pumzi. Katika maneno yote niliyoyatunga, sikuwa nimefikiri kwamba simu yangu ingeweza kumtisha hivyo.

"Amerika? Na huko Ubelgiji masomo iliisha?"

Nikamweleza. Nikamwambia wazi kwamba sitaki hata faranga moja kwake, nataka karatasi tu.

"Basi nitaandika kama niko na kidogo."

"Andika kweli."

"Na hiyo njo kweli yenyewe," akasema, na kwa mara ya kwanza tukacheka.

Siku nne baadaye picha ya karatasi iliingia kwenye simu yangu. Alikuwa ameandika kwa mkono, kwa Kifaransa, kwa mwandiko wake ule ule wa kulala upande: mapato ya duka, kodi ya duka, watoto wanne nyumbani. Alikuwa amekwenda mwenyewe kwa mkuu wa mtaa kugongewa muhuri. Chini ya muhuri aliongeza mstari wa Kiswahili ambao hakuna aliyeuomba: "Huyu mutoto ni wangu. Munisaidie kumusomesha."

Binti yangu ndiye aliyepaswa kuitafsiri karatasi ile kwa Kiingereza. Mstari ule nao aliutafsiri. Alipomaliza akaingia chumbani, na baadaye kidogo nikamsikia akisema kwa Kiswahili cha kujikwaa, "Papa? Ni mimi." Sikukaa kusikiliza. Nilifungua bomba nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Machi wakajibu kwamba amekubaliwa. Tulipiga kelele hadi jirani wa chini akagonga dari yake. Kisha tukafungua barua ya pili, ya msaada. Walikuwa wamebeba zaidi ya nusu. Kilichobaki kilizidi mshahara wangu wa mwaka mzima. Aliandika kuwasihi, wakaongeza kidogo. Benki za huko zingeweza kumkopesha, ila kwa mdhamini anayeishi Marekani, na sisi huko hatuna mtu.

"Hata tungepata mudhamini, nani angelipa?" aliniuliza.

"Sisi."

"Wewe, maman. Sema kweli."

Siku mbili baadaye akawaandikia kwamba haendi. Alilia, nikakaa naye. Mimi niliona nafuu, na nikaona aibu kwa ajili ya nafuu ile. Sikumwambia.

Akaingia chuo kikuu hapa hapa, kusomea kemia. Ada ya mwaka aliipata kwa mwezi mmoja wa kuuza viatu katika duka la barabara ya Chaussée d'Ixelles. Hapa hakuna anayekuuliza wewe ni nani. Unaandikishwa, na kupepetwa kunakuja mwisho wa mwaka. Alifeli somo moja, akalirudia Agosti, akapita. Baba yake alikuwa amemwita aende Bujumbura kumwona likizo ile ya kiangazi, ikabidi asubiri hadi Desemba.

Desemba ilipofika nilimfungia sanduku mwenyewe. Nikaweka chokoleti na madaftari kwa wadogo zake wanne ambao alikuwa hajawahi kuwaona. Kwa baba yake sikujua nipeleke nini. Mwishowe nilikwenda madukani Porte de Namur nikanunua shati, bila kujua kama bado anavaa saizi yake ya zamani.