Nilichomwambia Namba Kumi na Mbili

Sokoni Machakos ukiuliza nani ana sauti, utaletwa kwangu. Nauza mitumba mwaka wa kumi na tisa sasa, na mitumba haiuzwi kwa kunong'ona. Nikikata kamba za robota asubuhi ya siku ya soko, mama aliye huko upande wa nyanya anajua bei ya shati langu bila kugeuza shingo. Sauti hii imenilisha, imesomesha watoto wangu wawili, na siku moja imenifanya mtu ambaye mimi mwenyewe nisingetaka kuketi karibu naye. Wenzangu hawajui hivyo. Wao wanacheka mpaka leo. "Hebu sema tena ile ya muthokoi!" wananiambia, na mimi najifanya natafuta chenji.

Basi niseme mara moja, yaishe.

Mimi ni shabiki wa mpira wa vikapu. Najua, kwetu kila mtu ni wa kandanda, na ukisema vikapu wanakuuliza kama wewe ni mwanafunzi. Lakini nilicheza nikiwa shule ya upili kule Kathiani, miaka minne, yote nikiwa wa akiba. Mchezo niliujua sana, urefu ndio nilinyimwa. Sisi Wakamba Mungu alitugawia mengine, ndivyo tunavyotaniana wenyewe, na mimi utani huo niliuamini kabisa kama mtu anayeamini kalenda.

Jumamosi moja ligi kuu ya akina dada ikaletwa mjini kwetu, wale wanaolipwa kucheza, timu yetu dhidi ya timu ya Nairobi. Ilikuwa mechi ya alasiri, ndani ya ukumbi, na nilifunga kibanda saa sita nikaenda kutafuta nafasi nzuri. Kuona vikapu kwa macho yako si sawa na kuviona kwenye televisheni. Ukiwa pale unasikia viatu vikilia sakafuni. Unamsikia mchezaji akimwambia mwenzake "nyuma yako", unaona aliyefungwa plasta vidoleni, unaona jasho likidondoka na mtoto wa chuo akikimbia na kitambaa kulipangusa. Nilipata safu ya pili, upande wa kikapu. Hapo ukisema neno, mchezaji analisikia. Mtu mwenye akili angechunga mdomo. Mimi nilifurahi.

Kulia kwangu akaja mzee mmoja, koti la kanisani, kofia mkononi. "Kijana, nikikaa hapa ni sawa?" Mimi na miaka yangu arobaini na mitano, naitwa kijana! Nikampenda papo hapo. Alikuwa ametoka Wamunyu asubuhi, mchonga vinyago, vidole vimejaa alama za patasi. Hakujua lolote kuhusu mchezo. Aliniuliza kwa nini vikapu vingine ni pointi mbili na vingine tatu, nami nikamweleza, nikamweleza na yale ambayo hakuuliza. Napenda kuwa mwalimu, hilo nakiri.

Robo ya kwanza ilipoisha akasema polepole, "Niko na mtoto hapa. Anacheza."

"Wacha wewe! Na hukuniambia?"

"Sijawahi kumuona akicheza. Tulikosana. Siku alitoka nyumbani kufuata huu mpira, nilimwambia maneno mabaya. Sasa ni miaka sita, hata simu yangu hashiki." Akageuzageuza kofia. "Nimekuja anione tu. Ajue nimekuja. Wakimaliza, mtu anakubaliwa kuwasalimia?"

Hapo palihitaji swali moja tu: mtoto yupi, mzee? Sikuliuliza. La kuuliza lilikuwa lipi? Mkamba wa Wamunyu, ameketi upande wetu, mtoto wake atakuwa timu gani kama si yetu? "Basi mzee wewe ni wetu kabisa!" nikampiga paja. "Wakimaliza nitakupeleka mwenyewe mpaka kwa benchi." Akafungua kinywa kusema kitu, refa akapuliza kipenga, nami nikawa nimeshasimama.

Timu ya Nairobi ilikuwa na namba kumi na mbili. Msichana mrefu, mwembamba, mweusi, nywele amesuka na ncha zake nyekundu. Nilipomwona tu nikajiambia huyu ni wa kule ziwani, au Turkana, kwa sababu Mkamba wa urefu ule ametoka wapi? Na alikuwa akitumaliza. Mpira ukigonga ubao na kurudi, aliuchukua juu ya vichwa vya wasichana wetu kama mtu anayeteremsha sufuria kwenye rafu. Hasira ikanipanda. Mimi nikikasirika mdomo hutangulia, akili hufuata baadaye ikikokota miguu.

"Wewe mlingoti! Inama uone watu!" Safu nzima ikacheka. "Refa, mpime huyo, amekanyaga stuli!" Wakacheka tena. Hakugeuka hata mara moja. Ni mtu wa kulipwa, amezoea wapiga kelele.

Alipotia kikapu kimoja kizuri sana, amezunguka na kumwacha mlinzi wetu ameduwaa, mzee akapiga makofi. Nikamshika mkono. "Aka, mzee! Huyo ni adui. Wetu ni hawa wa kijani." Akaniangalia kidogo, halafu akaiweka mikono katikati ya magoti. Hakupiga makofi tena siku hiyo.

Nataka mtu aelewe kwamba sikuwa nimelewa. Nilikuwa nimekunywa chai.

Robo ya nne ikafika mwisho, sekunde nane zimebaki, sisi tuko mbele kwa pointi moja. Namba kumi na mbili akaangushwa chini ya kikapu. Refa akampa mitupo miwili ya adhabu. Akasimama kwenye mstari, mbele yetu kabisa. Wa kwanza akautia. Tukawa sare. Ukumbi ukanyamaza, unajua ule unyamavu ambao hata watoto wanaushika. Mzee alikuwa akisogeza midomo bila sauti. Nikadhani anatuombea sisi.

Sasa, sokoni Kikamba ndicho pazia letu. Mteja wa Nairobi akisimama mbele ya nguo, unamwambia mwenzako kwa Kikamba kwamba huyu atatoa hata mia tano, na mteja anatabasamu tu. Tumezoea hivyo. Kwa hiyo nikataka kuwachekesha watu wangu, sisi kwa sisi, bila mgeni kujua. Nikasimama, nikazungushia mdomo viganja, na ile sauti yangu ya robota nikaitoa yote:

"Thi musyi ukaue muthokoi!"

Nenda nyumbani ukapike muthokoi. Yale mahindi ya kukobolewa, ya sufuria kubwa, ya kina mama na mabinti wa kila boma la Ukambani. Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Kuna mtu alijirusha chini kabisa.

Mpira ulikuwa bado mkononi mwake. Akageuka. Hakugeuka kama mtu aliyesikia kelele, aligeuka kama mtu aliyeitwa na wa kwao. Macho yake yakapanda mpaka safu yetu, yakafika kwangu, yakanipita bila kusimama. Yakasimama kulia kwangu. Mzee akainua kofia kidogo, nusu, kama salamu. Yule msichana alimtazama muda wa pumzi mbili hivi. Kisha akarudisha uso kwenye kikapu, akatupa, na mpira ukapita hewani bila kugusa hata pete. Ukawa wetu. Sekunde nane zikatutosha, msichana wetu mfupi akakimbia nao mpaka upande wa pili, akautia, kengele ikalia.

Weh! Watu walinirukia. Nilipigwa mgongo mpaka ukawaka. "Wewe ndio umeshinda hii mechi!" kuna mmoja aliniambia sikioni, na, Mungu anisamehe, nilikubali. Nikageuka nimkumbatie mzee wangu.

Alikuwa ameketi vilevile. "Nani alikuambia hayo maneno?" akaniuliza.

"Maneno gani, mzee?"

"Ya muthokoi." Sauti yake haikuwa na ugomvi. "Ni hayo nilimwambia. Hivyo hivyo, mlangoni, na mfuko wake mkononi. Ni nani alikuambia?"

Nikaangalia benchi la Nairobi. Namba kumi na mbili alikuwa amejifunika taulo kichwani na kocha amemwinamia. Sikuhitaji kuuliza tena. Jamani, kuna aibu ya kukanyaga mtu, unasema pole, inapita. Hii haikupita. Nilijisikia mchafu, nikatamani kumtapika huyo mtu aliyepiga kelele, na mtu huyo ni mimi.

"Mzee, sikujua. Haki ya Mungu sikujua. Nilidhani mtoto wako ni wetu..."

"Ni wetu," akasema.

"Amedhani ni wewe umepiga kelele."

"Ameniona mimi. Wewe hakujui."

Nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili. "Twende. Nitamwambia mwenyewe. Nitapiga magoti nikitakiwa, nimwambie ni mimi mpumbavu, wewe hukufungua mdomo." Nilikuwa namaanisha. Naapa nilikuwa namaanisha, na labda hilo ndilo linalonichoma zaidi ya kelele yenyewe.

Tukatoka nje. Basi la timu ya Nairobi lilikuwa limeegeshwa kando ya ukumbi. Njiani watu walinisimamisha kila hatua mbili, mikono, picha, "muthokoi! muthokoi!", na mtu mmoja tunayeuza naye akanikumbatia shingo na kukataa kuniachia. Mzee akawa mbele yangu kidogo. Wasichana wakaanza kutoka na mifuko yao. Yeye alitoka karibu wa mwisho.

Alimwona baba yake, akasimama. Kwa karibu alikuwa mrefu kuliko nilivyofikiria, ikabidi mzee ainue uso kumtazama, na usoni walikuwa wamefanana kiasi kwamba nilishangaa nilikuwa natazama nini saa mbili zote zile. Nilikuwa hatua nne nyuma. Walisema Kikamba, nami nilisikia kila neno.

"Umekuja," akasema msichana.

"Nimekuja, mama." Ndivyo alivyomwita, mama, kama tunavyowaita mabinti tunaowapenda. "Yale maneno nilikuambia nyumbani. Nilikosa. Nimekuja nikuambie nilikosa."

Msichana alikuwa amelia, macho yalikuwa mekundu. "Na ya leo?" akauliza. "Leo pia ni wewe?"

Mzee aligeuka akanitazama. Hakuninyooshea kidole, hakunikonyeza, alinitazama tu, akaningoja. Alinipa nafasi yangu mkononi kama mtu anayekupa kikombe cha maji. Kilichotakiwa ni maneno mawili: ni mimi. Mimi, ambaye sauti yangu inafika upande wa nyanya! Na yule mwenzangu bado amening'inia shingoni mwangu, ananuka furaha, na nyuma yangu wengine wanaimba, na msichana akaanza kufuata macho ya baba yake aone anatazama nani. Nikainamisha kichwa. Nikatoa simu mfukoni nikaanza kuipapasa, na simu yenyewe ilikuwa imeisha chaji tangu robo ya tatu.

Nikamsikia mzee akivuta pumzi.

"Leo pia," akasema.

Mpaka leo sijui kwa nini. Labda alichoka kuningoja. Labda aliona ni deni moja tu, aliyesema kwanza ndiye mwenye neno. Au alikuwa mtu mwenye adabu kuliko nilivyowahi kukutana naye, akaona haya kumvua mtu mzima nguo mbele ya wenzake. Sikumuuliza.

"Basi hukuhitaji kupanda gari, baba," akasema msichana. "Hayo nilikuwa nayo tayari." Akautundika mfuko begani, akapanda basi, akaketi upande ule wa pili ambao hatuoni.

Mzee akavaa kofia. Akanipita, wala si kwa hasira, akaelekea stendi kutafuta gari la Wamunyu kabla giza halijaingia.

Basi halikuondoka. Dereva alikuwa akimngoja kocha, aliyebaki ndani akitia sahihi karatasi. Nilisimama pale nikilitazama, dakika ishirini, pengine zaidi, mlango wake ukiwa wazi wakati wote.